Chumba cha baridi na matunda ya kitropiki: dhana potofu na ukweli

Dhana: Baridi ikizidi, tunda hudumu zaidi.
Kwa tufaha nyingi, sawa. Ndizi mbichi ikikaa chini ya nyuzi 13 za Selsiasi, ganda hupoteza mng'ao na kuwa la kijivu. Likwangue, utaona michirizi ya kahawia chini yake. Embe lililokomaa ambalo bado ni bichi hutaka nyuzi 12 hadi 13. Parachichi bichi ni 5 hadi 13, kutegemea aina yake na ukomavu.

Dhana: Halijaganda, basi halijaumia.
Matunda huganda chini kidogo ya nyuzi 0, lakini haya ya kitropiki huumia kabla baridi haijafika hapo. Baridi hukaza mafuta yanayounda utando wa seli. Utando ukianza kuvuja, vimeng'enya hukutana na kemikali zilizokuwa zimetengwa navyo, na nyama hugeuka kahawia. Barafu haihusiki kabisa.

Dhana: Limetoka chumbani likiwa zuri, kwa hiyo ni zima.
Hii ndiyo huzua ugomvi kati ya muuzaji na mnunuzi. Dalili nyingi hujificha hadi tunda lipate joto: vishimo kwenye ganda, kuiva kwa mabaka, kukosa harufu, kisha uozo. Kabla ya kusafirisha shehena, toa matunda machache kutoka sehemu mbalimbali za chumba, yaweke kwenye nyuzi 20 kwa siku 2 au 3, halafu yakate. Kuyatazama tu hakutoshi.

Dhana: Siku moja ya baridi kali haina neno.
Madhara hujilimbikiza. Saa za baridi kali kwenye lori hujumlishwa na zile za chumbani.

Dhana: Nta au plastiki hulikinga tunda.
Kwa sehemu tu. Hupunguza upotevu wa maji, hivyo vishimo hupungua. Kikomo cha baridi ambacho tunda huvumilia hakishuki. Kwa parachichi za aina ya Hass, kuzichovya kwenye maji ya nyuzi 38 kwa takriban dakika 60 kabla ya kuzihifadhi husaidia zaidi. Maji yakizidi moto huunguza ganda.

Dhana: Kipimajoto cha ukutani kinatosha.
Hicho hupima hewa. Choma kipimajoto cha sindano ndani ya nyama, ukianza na makasha yaliyo mbele ya feni, maana hayo ndiyo hupoa kupita kiasi. Unyevu wa hewa chumbani uwe asilimia 90 hadi 95. Usichanganye mabichi na yaliyoiva: parachichi lililoiva huvumilia nyuzi 2 hadi 4, bichi la kando yake huharibika.