Je, wajua kwa nini nishani za babu huvaliwa upande wa kulia?

Bwana harusi amevaa suti ya kawaida, na kifuani kulia zimening'inia nishani tano za Vita Vikuu vya Pili vya Dunia. Vita hivyo viliisha mwaka 1945, hata baba yake alikuwa hajaoa. Kabla pilau haijafika mezani, wageni wawili wameshaanza kubishana. Mmoja anasema hilo ni kosa la jinai. Mwenzake anajibu kuwa ni haki yake, maana amezirithi. Wote wawili wamekosea.

Jibu fupi ni kwamba kifua cha kushoto ni cha aliyetunukiwa mwenyewe, na cha kulia ni cha ndugu anayezivaa kwa heshima yake. Hiyo ni desturi ya Uingereza, na imeenea katika nchi zilizowahi kutawaliwa nayo, zikiwemo zetu zilizotoa askari wa King's African Rifles, yaani KAR, jeshi la kikoloni la Waingereza katika Afrika Mashariki. Desturi hiyo ilianzia kwenye siku za kuwakumbuka waliokufa vitani, na harusi imekuja kuiazima.

Kosa la kwanza ni kudhani kwamba sare na nishani ni kitu kimoja, kikiruhusiwa hiki na kile kimeruhusiwa. Sare ni alama ya utumishi. Uingereza ina sheria ya mwaka 1894 inayomkataza raia kuvaa sare ya jeshi bila idhini, na kanuni za adhabu za Kenya na Tanzania zina katazo la namna hiyohiyo. Sheria hizo humwachia mwigizaji aliye jukwaani, lakini ukumbi wa harusi haukutajwa. Mwaka 2023 Jeshi la Wananchi wa Tanzania liliwapa raia siku saba kusalimisha mavazi ya kijeshi waliyokuwa nayo, kwa hiyo si jambo la kulifanyia majaribio kwa ajili ya picha nzuri. Hata aliye na haki ya sare hufuata idhini. Mwanamfalme William wa Uingereza alioa Aprili 2011 akiwa na koti jekundu la kikosi cha Irish Guards kwa sababu alikuwa kanali wa heshima wa kikosi hicho. Mdogo wake Harry, aliyekwisha kuacha jeshi, alipooa Mei 2018 na koti refu la kikosi cha Blues and Royals, ilibidi kwanza malkia akubali.

Kosa la pili lina mizizi mirefu zaidi: kudhani kwamba anayemiliki nishani ana haki ya kuivaa. Chukua cheti cha baba cha kidato cha nne. Baba akifariki, karatasi ile ni mali yako. Utaitia fremu, utaitundika sebuleni, hakuna wa kukuuliza. Lakini hutaipeleka kuombea kazi, kwa sababu kilichorithiwa ni karatasi. Mtihani aliufanya yeye. Hata ukibandika picha yako juu ya yake, mtihani haujawa wako. Nishani iko vivyo hivyo. Chuma na utepe huingia kwenye mirathi kama saa au baiskeli, na mrithi anaweza hata kuviuza. Kauli ile ya kwamba "nilikuwepo, nilitumikia" haiingii. Msimamo rasmi wa Uingereza ni huo: nishani ni ya kuvaliwa na aliyetunukiwa, na haki hiyo haiwafikii ndugu baada ya kifo chake. Kuihamishia kulia ni njia ambayo jamii imeipata ya kuonyesha cheti bila kudai mtihani.

Kwa askari wetu jambo hili lina uzito wa pekee. Nyota (nishani zenye umbo la nyota) na nishani za Vita Vikuu vya Pili walizopewa askari wa KAR hazikuandikwa jina. Nishani za Vita Vikuu vya Kwanza zilichongwa namba na jina la askari, na za ushujaa pia. Hizi za baadaye zilitolewa tupu. Ukiitazama nyota ya shaba mkononi, haikuambii ni ya nani. Kinachobaki kusema ukweli ni karatasi za utumishi, ikiwa familia imezitunza, na upande wa kifua. Ndiyo maana mjukuu anayezivaa kushoto, hata kwa nia njema kabisa, anaifuta habari pekee iliyokuwa ikionekana.

Je, kuvaa kushoto ni kosa la jinai? Kwa Uingereza ya leo, kuvaa tu nishani usiyotunukiwa si kosa. Sheria ya jeshi ya mwaka 1955 ilikuwa na adhabu, na sheria iliyoirithi, ya mwaka 2006, haikuibeba. Marekani nayo ilijaribu kuadhibu uongo wa nishani kwa sheria ya 2005. Mwaka 2012 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ikaitangua kwa hoja ya uhuru wa kusema, na sheria ya 2013 inamgusa tu anayedanganya ili ajipatie fedha au faida nyingine. Udanganyifu wa kujipatia mali ni kosa kila mahali, uwe na nishani au usiwe nayo.

Kosa la tatu ni dogo ila limeenea: kwamba kulia maana yake mwenyewe amefariki. Sivyo. Royal Humane Society, chama cha Uingereza kinachowatuza waokoaji wa maisha, hutoa nishani ambayo askari aliye hai huivaa kulia, juu ya sare yake. Yeye ndiye aliyemwokoa mtu majini, na bado inakaa kulia, kwa kuwa imetolewa na chama na haimo katika mpangilio wa nishani za dola. Kwa hiyo kushoto ni kwa kile ambacho dola imempa mvaaji mwenyewe. Vingine, vikiruhusiwa, hukaa kulia. Na bwana harusi aliye kazini asiongeze za babu kwenye sare yake upande wowote. Hizo ni za siku atakayovaa suti.

Sasa tuje kwenye namna ya kuzivaa, maana hapa ndipo mengi huharibika.

Askari wa KAR aliyepigana dhidi ya Waitalia huko Habeshi (Ethiopia), kisha akaenda Asia na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki iliyoteremka bonde la Kabaw huko Burma (Myanmar ya leo) mwaka 1944 hadi mto Chindwin, angeweza kumaliza na tano, kwa mpangilio huu: Nyota ya 1939–1945, Nyota ya Afrika, Nyota ya Burma, Nishani ya Ulinzi, na Nishani ya Vita. Kila utepe una upana wa milimita 32, hivyo tano zikikaa bega kwa bega zinahitaji milimita 160. Koti la mtu mwembamba halina nafasi hiyo kati ya ukosi na kwapa, na nishani ya mwisho itaingia chini ya mkono kila anapopiga makofi. Dawa yake ni kumwomba fundi azipishanishe, ya kwanza ionekane yote na zinazofuata zifunikwe kiasi upande mmoja. Usipunguze upana wa utepe.

Tepe mbili kati ya hizo zina upande. Ya Nyota ya 1939–1945 ina mistari mitatu: buluu iliyokolea ya wanamaji, nyekundu ya jeshi la nchi kavu, buluu ya mbingu ya jeshi la anga. Ya Nyota ya Afrika ina rangi ya mchanga wa jangwa, mstari mwekundu katikati, na pembeni buluu hizo mbili. Katika zote mbili, buluu iliyokolea hukaa mbali na bega la kushoto. Utepe wa zamani ukibadilishwa na fundi asiyejua, mara nyingi hurudi umegeuzwa, na mzee wa jeshi atauona akiwa mlangoni.

Unapozihamishia kulia, usizipange upya. Kifungio chote, yaani kile chenye pini kinachozibeba nishani zote, huhama kama kilivyo. Kushoto, nishani ya kwanza ilikuwa karibu na vifungo vya koti. Kulia itakuwa karibu na mkono. Wengi hudhani hilo ni kosa na kuzigeuza ili zielekee katikati, lakini anayekutazama kutoka mbele anapaswa kuzisoma kwa mfuatano uleule, kuanzia kushoto kwake.

Suti za wanaume zina mfuko wa kifuani upande wa kushoto tu, kwa hiyo kulia hakuna alama ya kukuongoza. Pima kwa rula kutoka mshono wa bega hadi ukingo wa mfuko, hamishia kipimo hicho kulia kwa chaki ya fundi, kisha weka kifungio juu kidogo ya alama. Pini peke yake haitoshi. Nishani tano na kifungio chake huzidi gramu 100, na kitambaa chepesi huinama mbele na kutoboka. Fundi ashone vitanzi viwili vya uzi ambamo pini itapita, na aweke kipande cha kitambaa kigumu kwa ndani. Joho linaubeba uzito huo bila shida. Kanzu nyembamba itachanika.

Zikiwa zinaning'inia huru hugongana, na kingo zake hupata makovu. Kama maikrofoni ya bwana harusi imebanwa kwenye ukosi wa upande huohuo, ukumbi mzima utasikia vyuma vikilia wakati wa viapo. Ni heri zishonwe juu ya kadi ngumu zisicheze. Nyota zina ncha sita, na ncha hizo hunasa leisi ya shela. Bibi harusi akisimama kushoto kwa mumewe, kama ilivyo kawaida, hatanaswa wakati wa kutembea. Hatari ipo kwenye kukumbatiana kwa ajili ya picha, kwa hiyo mpambe asimame karibu.

Usizing'arishe kwa dawa ya kusugulia shaba. Maji ya vuguvugu, sabuni kidogo na kitambaa laini vinatosha, baada ya kuvua tepe. Tepe za asili zisifuliwe; vaa mpya, na za babu zihifadhiwe kwenye bahasha pamoja na karatasi zake za utumishi.

Kwa bwana harusi afisa aliye kazini, anayeoa na sare na upanga, kuna mambo mawili. Ua la kifuani halivaliwi na sare. Na kama keki itakatwa kwa upanga, ujue kwamba upanga wa gwaride huhifadhiwa kwa mafuta ya kuzuia kutu. Ufutwe kwa spiriti, uoshwe na ukaushwe kabla ya kugusa keki. Baada ya hapo uoshwe tena usiku huohuo na kupakwa mafuta, kwa sababu sukari yenye unyevu ikilala ndani ya michoro ya chuma, chuma huanza kuliwa na kutu, na ala ikifungwa juu yake kutu huendelea bila kuonekana.