Umeme ukirudi, seva inaamka na sheria zipi?

Usiku mmoja wa mvua kubwa, hapa Lubumbashi, umeme ulikatika Kamalondo, betri za akiba zikaisha, na seva ya mishahara ya mteja wangu ikazimika. Alfajiri umeme uliporudi, kijana anayelinda chumba cha mashine alinipigia simu: "Yaya, seva ilishalamuka, iko natumika muzuri." Na kweli ilikuwa inatumika. Watu waliingia, karatasi za malipo zikatoka. Nilikuja kugundua wiki tatu baadaye kwamba tangu alfajiri ile SELinux, ulinzi wa ndani wa Linux, ilikuwa inaandika makosa tu, haizuii chochote.

Kwa asiyeifahamu kazi hii, chukua mfano wa parseli yenye wapangaji wengi. Kila mpangaji ana ufunguo wake na humpa amtakaye. Ndivyo zilivyo ruhusa za kawaida za Linux. Udhibiti wa lazima, ambao SELinux ni mfano wake, ni zamu (mlinzi) wa getini, mwenye orodha aliyopewa na mwenye parseli. Mpangaji akisema "huyu ni wangu, mwache apite", zamu anaangalia orodha kwanza. Kwenye seva, zamu ni kerneli, kiini cha mfumo, na orodha ni sera. Mwizi akiiteka programu ya tovuti, hata akipata uwezo wa root, yaani msimamizi mkuu, ndani yake, bado anabanwa na sera ya programu ile. SELinux ilianzia NSA, shirika la usalama la Marekani, ikatolewa kwa umma mwaka 2000 na kuingia kwenye kerneli rasmi ya Linux mwaka 2003. Ubuntu hutumia AppArmor, njia nyingine ya kufika palepale.

Sasa kisa chenyewe. Miezi kabla ya mvua ile, fundi mmoja alikuwa anahangaika na programu iliyoshindwa kuandika ripoti zake. Aliweka SELINUX=permissive, yaani kutazama bila kuzuia, ndani ya /etc/selinux/config, kisha akapata dawa nyingine, na ule mstari akausahau. Faili hilo husomwa mashine inapowaka tu. Kerneli ikaendelea kuzuia kama kawaida, na kila nilipoandika getenforce, amri inayouliza hali ya sasa, katika ukaguzi wangu wa mwezi, nilijibiwa Enforcing, yaani inazuia. Jibu lilikuwa la kweli kwa siku ile. Mimi ndiye niliyelichukua kama jibu la kesho pia.

Kwa hiyo skripti ninayotumia leo huuliza mahali patatu. /sys/fs/selinux/enforce inasema hali ya sasa: 1 inazuia, 0 inatazama tu. Faili la config linasema hali itakayokuwepo baada ya kuwaka upya. Na /proc/cmdline inaonyesha kama kuna mtu aliyepachika enforcing=0 au selinux=0 kwenye amri za kuwashia, maana hizo hushinda faili. Zisipokubaliana zote tatu, napata ujumbe kwenye simu. Kwenye mji ambao seva huwaka upya bila kumwomba mtu ruhusa, huu ndio ukaguzi wa kwanza ninaoujali.

Jibu la Enforcing lenyewe linaweza kuficha mengi. Huduma moja inaweza kuachiwa peke yake huku mashine nzima ikionekana imefungwa. Amri ya semanage permissive -l ndiyo inayoitaja. Halafu kuna lebo, alama ambayo SELinux hubandika kwenye kila faili. Faili likihamishwa kwa mv kutoka nyumbani kwa mtumiaji hadi /var/www, linabeba lebo yake ya zamani, na tovuti inakataa kulisoma. Hapo ndipo mtu aliyechoka huandika setenforce 0, kuacha kuzuia kabisa, usiku wa manane, wakati restorecon, inayorudisha lebo sahihi, ingetosha. Skripti yangu huendesha restorecon -Rnv: ile n inaonyesha kasoro bila kugusa kitu. Swichi ndogo kama httpd_can_network_connect, inayoiruhusu programu ya tovuti kufungua miunganisho ya mtandao, nazilinganisha na orodha niliyoiweka kwenye Git, programu inayotunza historia ya mabadiliko, ambapo kila ruhusa ya ziada ina sababu iliyoandikwa. Upande wa AppArmor, amri ya aa-status hunipa karibu yote ninayohitaji.

Wengi huniuliza kwa nini skripti isirekebishe yenyewe. Nakataa kabisa. Mashine iliyokaa wiki tatu bila kuzuiwa inaweza kuwa imejaa faili zenye lebo mbovu. Ukiirudisha kwa nguvu saa nane za usiku, asubuhi mishahara haitoki, na bosi ataamuru SELinux izimwe moja kwa moja. Kwanza nasoma rekodi za makosa kwa ausearch -m AVC, narekebisha lebo, ndipo narudisha uzuiaji. Seva ile ilinichukua siku mbili.

Saa ya kukagua nayo ina maana yake. Kazi ya cron, kipanga ratiba cha Linux, iliyopangwa saa nane za usiku haifanyiki kama wakati huo hakuna umeme. Nilihamia kwenye kipima muda cha systemd, programu inayowasha na kusimamia huduma za Linux: OnBootSec=5min, ili ukaguzi ufanyike kila mashine inapoamka, pamoja na ratiba ya kila siku yenye Persistent=true, inayofidia zamu iliyopotea. Matokeo huenda kwenye mashine nyingine, kwa sababu mwenye root anaweza kufuta kilichobaki palepale. Na mashine hiyo ikikaa saa 26 bila kupokea kitu kutoka kwa seva fulani, inapiga kelele vilevile kama imepokea habari mbaya.

Juzi umeme ulikatika tena. Kijana hakuwahi kunipigia: dakika 6 baada ya seva kuwaka, simu yangu ilikuwa na mstari mmoja, 1, enforcing, na amri za kuwashia safi.