Mafundisho ya Kanisa hubadilikaje? Dhana potofu kuhusu Roma, maaskofu na waumini

Kila Roma inapotoa hati nzito, mabishano huanza upya. Wapo wanaosema Kanisa limeuzwa, wapo wanaoapa kwamba hakuna kilichobadilika, na wapo walio nje wanaosema Wakatoliki humeza chochote wanachopewa. Mimi ni Mkatoliki na nalipenda Kanisa hili, na kwa sababu hiyo naona waumini wana haki ya kujua mambo haya yalivyokwenda kweli.

Dhana: Kanisa halijawahi kubadili fundisho lolote

Hii husemwa sana, na mara nyingi kwa nia njema. Tuliangalie suala la utumwa, maana lilipita kwenye ardhi yetu.

Mwaka 1452 Papa Nikolasi V alimwandikia Mfalme Afonso V wa Ureno hati ya kumruhusu kuwavamia Waislamu na wapagani, kutwaa mali zao na kuwatia katika utumwa wa kudumu. Mwaka 1537 Papa Paulo III akakataza kuwafanya watumwa wenyeji wa Amerika. Mwaka 1839 Gregori XVI akalaani biashara ya watumwa, lakini wapo maaskofu wa Marekani walioisoma hati yake kwa namna ya kuwaachia wenye watumwa nafasi ya kupumua: kilicholaaniwa, walisema, ni biashara ya kuwatoa watu Afrika, kumiliki ni jambo jingine. Kisha Juni 1866 Ofisi Takatifu ya Roma, ofisi iliyosimamia mafundisho ya imani, ikijibu maswali ya Guglielmo Massaia, askofu mmisionari huko Ethiopia, ikasema kwamba utumwa wenyewe, ukitazamwa kwa asili yake, haupingani na sheria ya maumbile wala sheria ya Mungu, na kwamba kwa masharti fulani mtumwa anaweza kuuzwa na kununuliwa.

Miaka 2 baadaye, mwaka 1868, Mapadri wa Roho Mtakatifu walifungua misheni Bagamoyo. Sehemu kubwa ya kazi yao ilikuwa kukomboa watumwa kwa fedha, wengi wao watoto, kuwafundisha kusoma, kilimo na ufundi, na kuwapa mahali pa kuishi kama watu huru. Soko la watumwa la Unguja lilikuwa bado wazi, lilifungwa 1873. Mapadri wale walikuwa chini ya Roma ile ile iliyotoka tu kujibu swali la Ethiopia. Lakini anayelipa fedha mtoto afunguliwe minyororo, kisha akamlea na kumsomesha, ni vigumu kumweleza kwamba kilichokuwa kimempata mtoto yule hakina ubaya kwa asili yake. Naamini kwamba katika jambo hili matendo yalitangulia, maandishi yakaja nyuma.

Maandishi yalikuja Mei 1888, Leo XIII alipowaandikia maaskofu wa Brazil, nchi iliyofuta utumwa mwezi huo huo. Mwaka 1965 Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mkutano mkuu wa maaskofu wa dunia nzima, ukauhesabu utumwa miongoni mwa mambo ya aibu yanayomdhalilisha Muumba mwenyewe. Kati ya 1866 na 1965 haijatimia hata miaka 100.

Sasa angalia Leo XIII alivyoliingiza jambo lake. Hakuandika popote kwamba waliomtangulia walikosea. Alipanga mfululizo wa mapapa waliowatetea watumwa, akaonyesha Kanisa lililokuwa upande wao tangu enzi za Mitume. Hivi ndivyo viongozi wa dini wanavyofanya karibu kila mahali: jipya huingia kwa jina la lile la kale. Na si lazima iwe hila. Mamlaka yao yote yanasimama juu ya kupokea na kukabidhi. Kiongozi akitangaza kwamba mtangulizi wake alipotosha watu, kesho yake ataulizwa kwa nini yeye aaminiwe. Kanisa lina hata kanuni ya zamani ya kulieleza hili, ya Vincent wa Lérins, mtawa wa karne ya 5: fundisho hukua kama mtoto anavyokua kuwa mtu mzima, akibaki mtu yule yule.

Ni kanuni nzuri, nami naikubali. Ninachokataa ni kuitumia kufunika mahali ambapo hati moja inasema ndiyo na nyingine inasema hapana. Machi 2023 Vatikani ilijitenga rasmi na fikra zilizojengwa juu ya hati za mapapa za karne ya 15, kama ile ya Nikolasi V, ikakiri kwamba hazikuonyesha vya kutosha usawa wa hadhi na haki za wenyeji wa nchi zilizovamiwa. Hata hapo iliongeza kwamba hati hizo hazikuwahi kuhesabiwa kuwa maelezo ya imani Katoliki. Wazao wa waliouzwa kwa ruhusa za namna ile wanastahili maneno yaliyonyooka kuliko hayo.

Dhana: Kuondoka kwa Kilatini na kubadilika kwa fundisho ni jambo moja

Hapana. Lugha ya Misa, kutokula nyama Ijumaa, hata mapadri kutooa, ni taratibu na nidhamu. Katika Makanisa Katoliki ya Mashariki wapo mapadri wenye wake na watoto, na ni Wakatoliki kamili. Fundisho ni lile linalosema jambo fulani ni kweli au ni jema. Tatizo ni kwamba muumini huiona nidhamu kila Jumapili, ilhali fundisho liko vitabuni, kwa hiyo mara nyingi tunapigania kisichobadili kitu na kupitwa na kilichobadilika kweli.

Dhana: Papa huamka na wazo, kesho yake likawa fundisho

Chukua uhuru wa dini. Mwaka 1864 Papa Pio IX alitoa orodha ya makosa ya zama zake, na miongoni mwa aliyoyalaani ni wazo kwamba kila mtu ana uhuru wa kufuata dini anayoiona kuwa ya kweli. Tarehe 7 Desemba 1965 Mtaguso ukatangaza kwamba binadamu ana haki ya uhuru wa dini, na haki hiyo inatokana na utu wake. Kura zilikuwa 2,308 za kukubali na 70 za kukataa.

Katikati pana watu na misukosuko. John Courtney Murray, Mjesuiti wa Marekani, aliandika kuhusu suala hili hadi katikati ya miaka ya 1950 wakubwa wake walipomzuia kuendelea. Mtaguso ulipofunguliwa Oktoba 1962 hakuwemo. Mwaka 1963 Kardinali Spellman wa New York akamwingiza kama mtaalamu, na mtu aliyenyamazishwa akawa miongoni mwa walioiandaa hati. Maaskofu wa Marekani waliitaka kwa nguvu kwa sababu waliishi katika nchi ya dini nyingi. Maaskofu wa Poland walijua maana ya kukosa uhuru huo chini ya serikali ya kikomunisti. Rasimu iliandikwa, ikapingwa, ikaandikwa tena, ikaahirishwa. Ilipofika kwa Papa Paulo VI kutia saini, ilikuwa imekwisha pita mikononi mwa maaskofu zaidi ya 2,000.

Dhana: Waumini hukubali kwa sababu hawafikiri

Hii ndiyo inayoniuma, maana husemwa na waliosoma wakiwazungumzia bibi na babu zetu.

Kabla ya Mtaguso Misa ilisomwa Kilatini, padri akiielekea altare, na waumini wengi walisali Rozari zao kimyakimya mpaka kengele iwaambie kwamba wakati wa mageuzo, mkate na divai vinapogeuzwa kuwa Mwili na Damu ya Kristo, umefika. Baada ya hapo mambo yakaenda haraka. Hati ya Mtaguso kuhusu liturujia, yaani ibada, ilipita Desemba 1963 kwa kura 2,147 dhidi ya 4, na Misale mpya, kitabu cha sala za Misa, ikaanza kutumika mwishoni mwa 1969. Padri akawageukia watu, Kiswahili kikasikika altareni, ngoma na kayamba zikaingia kanisani. Wazee wetu walipokea kwa sababu walipewa sala waliyoielewa na wimbo waliouweza. Sijui ni fikra gani zaidi ya hizo zinazodaiwa kutoka kwao.

Aliyekataa kwa nguvu kuliko wote alikuwa msomi mwenye udaktari wa teolojia kutoka Roma: Marcel Lefebvre, Mfaransa aliyekuwa mmisionari Gabon na baadaye Askofu Mkuu wa Dakar. Alianzisha shirika lake mwaka 1970, na mwaka 1988 akaweka wakfu maaskofu 4 bila idhini ya Papa, Roma ikatangaza kwamba wametengwa na Kanisa. Elimu, basi, haikuwa ndiyo iliyowagawa watu.

Kuna sababu nyingine, nayo utaiona kwenye msiba. Maaskofu wa Afrika Mashariki, kupitia AMECEA, umoja wa mabaraza yao, waliamua katika miaka ya 1970 kwamba jumuiya ndogondogo ziwe msingi wa uchungaji. Familia chache hukutana nyumbani kwa mmoja wao, husoma Injili, huchanga, hutembelea wagonjwa. Ukitaka mtoto abatizwe au ndoa ifungwe, utaulizwa unasali jumuiya gani, na mwenyekiti ataulizwa kama anakufahamu. Mtu akifariki, wanajumuiya ndio wanaofika na masufuria, wanaokesha na kuimba, wanaokwenda kumwona padri. Aliye ndani ya maisha hayo, akisikia fundisho jipya asilolielewa, hupima hoja pamoja na swali la nani atamzika mama yake. Huko ni kufikiri, tena kwa uzito.

Fundisho lenyewe humfikia kwa mdomo wa mtu aliyemletea komunyo mgonjwa wake. Humwamini mtu kwanza, hati baadaye. Imani ya namna hiyo ni hazina, na viongozi wanapaswa kuiogopa, kwa kuwa njia hiyo hiyo inaweza kupitisha uongo kwa urahisi ule ule.

Dhana: Roma ikishasema, imekwisha

Julai 1968 Paulo VI alishikilia katazo la uzazi wa mpango wa njia zisizo za asili, ingawa wengi katika tume yenyewe iliyomshauri walitaka lilegezwe. Hakubadilisha fundisho, ila waumini wengi duniani walibadilika wao, kimya kimya, bila kutoka kanisani.

Kisha tuje kwetu. Tarehe 18 Desemba 2023 ofisi ya mafundisho chini ya Kardinali Víctor Manuel Fernández ilitoa hati iliyoruhusu baraka zisizo za kiliturujia kwa watu walio katika mahusiano ya jinsia moja, ikisisitiza kwamba fundisho la ndoa halijaguswa. Maaskofu wa Malawi na Zambia walikataa ndani ya siku chache. Kardinali Fridolin Ambongo wa Kinshasa alikusanya maoni ya mabaraza ya maaskofu wa bara zima, akaenda Roma kuzungumza na Fernández, na tarehe 11 Januari 2024 likatoka tamko kwamba baraka hizo hazitatolewa katika Makanisa ya Afrika. Tamko hilo lilitolewa kwa maelewano na Papa Fransisko. Mtu aweza kuunga mkono au kupinga uamuzi ule. Asichoweza kusema ni kwamba Afrika husubiri tu kuambiwa.

Na kuna mabadiliko yaliyopita bila kelele. Katekisimu ya 1992, kitabu rasmi cha mafundisho ya Kanisa, iliiachia serikali haki ya kutoa adhabu ya kifo. Mwaka 1995 Yohane Paulo II akaibana sana, na mwaka 1997 maneno yakarekebishwa. Agosti 2018 Fransisko akayafuta na kuandika kwamba adhabu hiyo haikubaliki, huku barua iliyoambatana nayo ikiwaeleza maaskofu kwamba ni ukuaji usiopingana na yaliyofundishwa kabla. Vatikani yenyewe ilikuwa nayo kwenye sheria zake mpaka 1969. Tanzania, Kenya na Uganda bado wanayo.

Katekisimu yoyote iliyochapishwa kabla ya Agosti 2018 ina maneno ya zamani kwenye namba 2267. Kama parokia yenu inafundishia nakala hiyo, mwombeni padri au katekista awasomee wanaojiandaa kwa kipaimara namba hiyo ilivyokuwa, ilivyo sasa, na mwaka ilipobadilishwa.