Mbona Black Strat, gitaa la David Gilmour wa bendi ya Pink Floyd, imechezewa vile na bado iliuzwa dola milioni 3.975?

Kazi yangu ni kukagua na kutengeneza magitaa ya umeme ya zamani, na hakuna swali naulizwa kama hili: kwa nini gitaa la supastaa linapigwa mnada kwa mamilioni wakati lingine la kiwanda kilekile na mwaka uleule halikaribii hata kidogo. Wengi wanadhani ni mbao au sauti. Hapana jamani, kinacholipiwa ni ushahidi.

Anza na gitaa ambalo halikuwa la mtu maarufu. Hapo bei inafuata uhalisia, yaani rangi ya kiwandani, pikapu (vinasa sauti vya nyuzi) zake zenyewe, hata risasi iliyolehemu waya isiwe imeguswa. Magitaa ya Fender ya kabla shirika la CBS halijainunua kampuni hiyo mwaka 1965 yana bei kuliko ya baadaye, na Les Paul (gitaa la kampuni ya Gibson) za sunburst, ile rangi inayoanza njano katikati ikakolea kuelekea pembeni, za 1958 hadi 1960 zinafika mamia ya maelfu ya dola hata kama mwenyewe hajulikani kabisa. Nikilifungua naangalia namba kwenye poti, vile vifaa vya ndani vinavyozungushwa kuongeza au kupunguza voliumu, mfano 1376912, hiyo 137 ni kampuni ya CTS, 69 ni mwaka, 12 ni wiki. Poti ya 1972 ndani ya gitaa la 1969 ujue imebadilishwa, ila ya 1966 ndani ya Strat (kifupi cha Stratocaster, gitaa la Fender) ya 1968 isikutishe, Fender walinunua poti nyingi sana mwaka 1966 wakawa wanazitumia taratibu. Na likipakwa rangi upya tu, karibu nusu ya bei imeondoka.

Sasa njoo kwa David Gilmour wa Pink Floyd. Ile Black Strat aliinunua duka la Manny's, New York, 1970, na chini ya ule weusi kuna sunburst, maana yake imepakwa rangi juu ya rangi. Shingo zimebadilishwa mara kibao, iliyopo sasa ni ya miaka ya 80, pikapu zimebadilishwa, swichi imeongezwa, halafu wakati fulani bodi ilichimbwa ikafungwa tremolo ya Kahler (mkono wa kutikisa sauti ya nyuzi), ikaja kutolewa na mbao ikazibwa. Lingekuwa la mtu wa kawaida ningesema hili ni la kupigia tu, wanunuzi wa vitu halisi wasilisogelee. Lakini Juni 2019 pale Christie's, kampuni ya mnada, New York, likaenda kwa dola milioni 3.975, na hela za mnada ule wote zikaenda ClientEarth, shirika la kutetea mazingira, kwa ajili ya tabianchi. Kila tundu pale linaeleza Gilmour alikuwa anatafuta sauti gani kipindi gani, na lipo kwenye picha.

Picha ndiyo roho ya biashara hii. Mistari ya mbao ni kama alama za vidole, haifanani kati ya gitaa moja na jingine, kwa hiyo unachukua picha za jukwaani unalinganisha mstari kwa mstari, kovu kwa kovu. Mustang, gitaa jingine la Fender, ya 1969 ya Kurt Cobain wa bendi ya Nirvana, ile inayoonekana kwenye video ya "Smells Like Teen Spirit", iliuzwa dola milioni 4.55 mwaka 2022, na dunia nzima ilikuwa imeshaiona kwa macho yake.

Ninayoipenda mimi kuliko zote ni Strat ya 1961 ya Rory Gallagher, mpiga gitaa wa Ireland. Aliipata Crowley's, duka la Cork kule Ireland, 1963, ikiwa mtumba, kwa pauni 100, na jasho lake likaimaliza rangi karibu yote hadi mbao ikabaki uchi. Angalia vya kutyunia nyuzi kule kichwani, vitano ni vya kampuni ya Sperzel kimoja ni cha Gotoh, yaani jamaa alikuwa anafunga kinachofanya kazi anaendelea na shoo! Oktoba 2024 kampuni ya mnada ya Bonhams iliiuza pauni 889,400, na aliyeinunua akaitoa kwa jumba la makumbusho la taifa la Ireland, uamuzi ambao naona ni bora kuliko kuifungia kwenye sefu ya mtu.

Kama unapiga na bendi na una gitaa la zamani, acha kulipaka rangi, tunza risiti, piga picha likiwa jukwaani mwanga ukiwa mzuri mbele na nyuma, na ukibadilisha pikapu zile za zamani zitie kwenye bahasha uandike tarehe uzihifadhi ndani ya keisi lake.