Sarafu ya kumbukumbu ikibadilika rangi, acha dawa ya meno

Mwaka 1974 zilitolewa sarafu za Tanzania za madini ya fedha, za kumbukumbu ya uhifadhi wa wanyama: shilingi 25 yenye twiga na shilingi 50 yenye faru. Ukiitoa leo kabatini unaweza kuikuta ya bluu pembezoni na ya manjano kuelekea katikati. Wengi hudhani ni uchafu.

Si uchafu. Salfa iliyomo hewani, na ile itokayo kwenye mpira, gazeti au kadibodi, hushikana na fedha na kufanya utando mwembamba mno. Unene wake ndio huleta rangi, kama mafuta yanavyong'aa juu ya dimbwi: kwanza manjano, kisha zambarau, bluu, mwishoni nyeusi. Utando laini wenye rangi zinazofifia polepole hupendwa, na wapo wanaoulipia zaidi. Weusi mzito, hapana. Huo umeshaila sura ya sarafu.

Kinachoua bei ni kusugua. Majivu, limau, stili waya, dawa ya meno: vyote huacha mikwaruzo ambayo mnunuzi mwenye lenzi huiona papo hapo, na haifutiki.

Ute wa kijani unaonata ni jambo jingine. Hutoka kwenye albamu za plastiki laini. Lowesha sarafu dakika tano katika asetoni safi, kiyeyushi kinachoshika moto upesi, ndani ya chombo cha kioo, badilisha asetoni, rudia, kisha iache ikauke yenyewe. Fungua madirisha na kaa mbali na jiko. Dawa ya kuondoa rangi ya kucha haifai, maana mara nyingi ina mafuta na manukato.

Hewa ya chumvi ya pwani yetu huzidi kuziumiza sarafu za shaba. Zikitoa unga wa kijani, zitenge na nyingine. Zote zishike ukingoni na uziweke kwenye chombo kinachofunga vizuri, pamoja na vipakiti vya kunyonya unyevu. Usitumie sanduku la mbao.

Kuhusu bei, anza na mizani. Twiga wa toleo la kung'aa kama kioo ana gramu 28.28, fedha 925 kwa 1,000, yaani gramu 26.16 za fedha tupu. Toleo la kawaida ni nusu tu fedha. Sonara atakulipa uzito wa fedha tupu iliyomo na si zaidi. Mkusanyaji huangalia pia hali ya uso, kisanduku cha asili na cheti chake.