Tochi ya baridi ndiyo inayoungua

Mzee anayelinda shamba la parachichi jirani na kwetu, nje kidogo ya mji wa Njombe, alinirudishia tochi niliyomwazima baada ya usiku mmoja tu. "Chukua mwanangu, hii inachemka. Isije ikanilipukia mkononi." Akairudia tochi yake ya plastiki ya sokoni, ambayo haichemki hata chembe, na ikifika saa tano usiku inamulika kama kipisi cha sigara. Sikubishana naye, ni mtu mzima, na baridi ya Juni huku haikupi nafasi ya mjadala. Lakini maneno hayohayo nimeyasikia Makambako, Uyole na Mwanjelwa, tena kutoka kwa wauzaji wenyewe.

"Tochi inayochemka ni mbovu, isiyochemka ni nzima"

Kwa tochi yenye mwanga mkali, mara nyingi ni kinyume chake. Chipu ya LED, kile kidoa cha njano unachokiona katikati ya kioo, hugeuza sehemu tu ya umeme kuwa mwanga. Zaidi ya nusu, hasa kwenye LED za bei ya chini, huishia kuwa joto. Glopu za zamani za waya zilitupa joto lao mbele pamoja na mwanga, ndiyo maana ukiikinga kwa kiganja ulisikia moto. LED haina tabia hiyo. Joto lake hubaki nyuma ya chipu, na njia ya kutokea ni moja: lipite kwenye kibati kilichobeba chipu, liingie kwenye ganda la tochi, kisha liishie hewani au kiganjani kwako.

Kwa hiyo ganda likipata moto, joto limeshatoka mahali lilipokuwa linadhuru. Alumini hupitisha joto mara elfu moja hivi kuliko plastiki ya kawaida. Tochi ya mzee ni baridi kwa nje kwa sababu joto halijafika nje.

Alinipa niifungue. Kibati cha LED, ukubwa wa sarafu ya shilingi mia, kilikuwa kimebandikwa gundi pembeni tu, juu ya kikombe cha plastiki. Nyuma yake hakuna kitu, ni hewa. Gundi imegeuka rangi ya chai ya rangi, na ukisogeza pua unasikia harufu ya plastiki iliyobabuka. Sasa joto hilo lingepita wapi? Na usidhani ukinunua ya chuma umepona. Nimefungua kadhaa ambazo nje ni alumini nzito ya kuvutia, ndani kibati kimekaa juu ya pete nyembamba na katikati ni pango. Ganda ni la baridi, mteja anasifu, chipu inateketea.

Chipu ikipata joto, mwanga hupungua palepale. LED nyingi nyeupe, zikitoka nyuzi 25 kufika 85, hupoteza kama asilimia 10 hadi 15, na zikipoa zinarudi. Hasara isiyorudi ni ile ya kupikwa kila usiku: rangi ya njano iliyo juu ya chipu inachakaa, plastiki inayoifunika inafubaa. Vile vitochi vyenye LED nyingi ndogo za duara, zenye miguu miwili ya waya, ndivyo vinavyoumia zaidi, kwa sababu joto lao halina pa kutokea ila kwenye ile miguu.

"Sisi tuko Nyanda za Juu, hali ya hewa inaipooza yenyewe"

Hewa ya baridi hupooza ganda. Chipu iliyofungiwa ndani ya plastiki haijui kama iko Makete au Dar es Salaam.

Kisha baridi ina upande wake mwingine ambao watu huusahau. Juni na Julai, kule Kitulo na Makete, alfajiri unakuta majani yamepata barafu. Betri iliyolala nje usiku kama huo inakuwa nzito: upinzani wake wa ndani umepanda, ukiwasha tu volti inaporomoka. Mtu anasema tochi imeunguzwa na joto, kumbe betri imepigwa na baridi. Itoe, itie mfuko wa ndani ya koti kwa muda, uijaribu tena. Ila betri ya litiamu iliyoganda usiichomeke kwenye chaji kabla haijapata uvuguvugu. Kuichaji ikiwa chini ya nyuzi sifuri kunaiharibu kwa ndani, na uharibifu huo hautibiki.

"Ikififia, LED imechoka"

Mara nyingi LED haina kosa. Tochi ya bei rahisi haina saketi ya kudhibiti umeme. Kati ya betri na LED kuna rezista moja, kidude cha kubana umeme, pengine hata hiyo haipo. Betri ya litiamu iliyojaa ina volti 4.2, ikikaribia kuisha inafika 3 hivi, na LED nyeupe yenyewe inahitaji kama volti 3 ndipo iwake vizuri. Betri inavyoshuka, mwanga unashuka nayo, polepole, na jicho linazoea. Unashtuka tu siku jirani amewasha ya kwake pembeni.

Kutofautisha joto na betri si kazi. Tochi ikishafifia, usiiache ipoe: badilisha betri hapohapo, weka iliyojaa. Mwanga ukirudi kama mwanzo, tatizo ni betri. Ukibaki vilevile, ni joto. Na kama ni tochi nzuri kidogo, huenda imejishusha yenyewe makusudi baada ya dakika chache ili isijiunguze. Nimeona watu wakirudisha dukani tochi nzima kabisa kwa sababu hiyo.

Zile kubwa za kuchomeka ukutani, zenye betri ya risasi ndani, ni habari nyingine: ukiiacha tupu wiki kadhaa, betri haipokei tena chaji. Hapo joto halihusiki.

"Fundi akitoa rezista itawaka zaidi"

Itawaka zaidi, kweli. Kwa wiki ngapi, muulize fundi.

"Boksi limeandika lumeni 90,000"

Lumeni ni kipimo cha mwanga unaotoka kwenye tochi. Chukua kalamu. Betri moja ya 18650, ile nene kama kidole gumba, ikiwa halisi, kwa kawaida haipiti mAh 3,600 hivi, yaani kiasi cha chaji inachobeba. Iliyoandikwa 9,900 ni uongo wa karatasi, na mara nyingi ukiipima ni nyepesi mno kuliko gramu 45 na ushee za betri ya kweli. Tuseme una 3,000. Zidisha kwa volti 3.7, unapata wati 11 kwa saa moja. LED nzuri inatoa kama lumeni 100 kwa kila wati. Jumla ni lumeni 1,100 kwa saa moja, betri imekwisha. Lumeni 90,000 zingetaka wati 900, karibu na pasi ya umeme, mkononi mwako.

Hata watengenezaji waaminifu wana nafasi ya kupumulia. Kiwango cha Marekani kinachoitwa ANSI FL1, kilichotoka mwaka 2009, kinataka mwanga upimwe kati ya sekunde 30 na dakika 2 tangu kuwasha, wakati tochi nyingi hazijapata moto sawasawa. Na yale masaa ya kudumu yaliyoandikwa huhesabiwa mpaka mwanga ubaki asilimia 10. Kwa mlinzi wa shamba, asilimia 10 ni giza.

Mzee alikuja wiki iliyofuata. "Kamwene," akanisalimu, akaketi, akazunguka na habari za mvua na bei ya mbolea, ndipo akaiulizia ile tochi ya alumini. Nilidhani maelezo yangu yamemwingia. Hapana. Sasa anaiwasha kwenye mwanga wa kati, ganda likishika uvuguvugu anaiingiza kwenye mkono wa koti, anahama mkono wa kulia kwenda wa kushoto, hivyohivyo mpaka kunakucha.