Je, wajua kwa nini intaneti hujikokota palipo na kampuni moja tu?

Marekani ndiko intaneti ilikozaliwa, kutokana na mtandao wa ARPANET wa mwaka 1969. Lakini hukohuko ziko nyumba nyingi ambazo mtu akitaka intaneti ya kasi ya waya, kampuni ni moja: ile ya televisheni ya kebo. Bei ikimchukiza, hurudi kwenye waya wa shaba wa simu, au hununa tu na kulipa.

Kinachokula fedha katika biashara hii ni kuchimba mitaro, kukodi nafasi kwenye nguzo na kuvuta waya mlango kwa mlango. Mtaro wa mtaa mzima gharama yake haipungui sana eti kwa kuwa wateja ni wachache. Kampuni ya kwanza ikishajipatia mtaa, ya pili itabidi ichimbe upya ili iambulie nusu ya wateja. Nani atafanya hivyo? Hata bomba la maji nyumbani kwako ni la shirika moja, ila bei ya maji kwa kawaida ina msimamizi.

Na aliyebaki peke yake ana haraka gani? Kebo iliwekwa kuleta picha sebuleni, si kutoa kitu nje. Ndiyo maana filamu hushuka vizuri, ila ukituma video yako, unachemsha chai, unainywa, bado haijafika.

Ufaransa walipita njia nyingine: mwenye waya alilazimishwa kuwakodishia washindani wake. Mwaka 2002 kampuni ya Free iliingia sokoni na ADSL, yaani intaneti ya kasi ipitayo waya wa simu, kwa euro 29.99 kwa mwezi, ikipita kwenye waya za shirika kongwe la simu. Marekani nayo ilikuwa na sheria ya aina hiyo tangu 1996, ila kufikia 2005 tume ya mawasiliano, FCC, ilikuwa imeilegeza mno upande wa intaneti. Kampuni za kebo hazikuwahi kubanwa nayo.

Kisa ninachokipenda ni cha Chattanooga, jimbo la Tennessee. Shirika la umeme la mji huo, EPB, lilitandaza faiba (waya wa kioo unaobeba data kwa mwanga), ambayo pia huliwezesha kugundua haraka umeme ulipokatika. Comcast, kampuni kubwa ya kebo, ililishtaki mwaka 2008 na haikufua dafu. Mwaka 2010 EPB ikatangaza kasi ya gigabiti 1 kwa sekunde kwa wateja wake wote, wakati miji mikubwa mingi haikuwa hata na ndoto hiyo.

Majirani nje ya mji wakaitamani. Sheria ya jimbo ikawazuia: shirika la umeme la mji lisiuze intaneti nje ya eneo lake la umeme. FCC ilijaribu kuitangua mwaka 2015. Mahakama ya rufaa ikaipindua FCC mwaka 2016. Kwa majirani hao, faiba ikaishia kwenye nguzo ya mwisho ya EPB.